Nyongeza ya Julai

Mwisho wa Julai, Kerttu Salmela aliingiza kadi kwenye mashine ya benki, akatazama salio, akaichomoa, akaifuta kwa upindo wa blauzi na kuiingiza tena. Mashine haikubadili neno. Pensheni ilikuwa imeingia kama inavyoingia kila mwezi, ila safari hii imeingia imekonda, kama mtu aliyetoka kuugua.

Nyuma yake alisimama Lempi Haavisto, jirani yake wa mlango wa pili, kashika mifuko ya wote wawili.

"Umeganda nini hapo? Unangoja ikusalimie?"

"Njoo usome wewe. Macho yangu leo hayafai."

Lempi akasogea, akakunja uso, akasoma. "Macho yako hayana neno, shoga. Pesa ndizo zimekimbia."

Kilichokosekana ni nyongeza, zile pesa ambazo serikali huwapa wazee wenye kipato kidogo juu ya pensheni ya kawaida. Kwa Kerttu zilikuwa dola mia nane na kitu kwa mwezi. Wapo watu wa Thunder Bay, mji wao huu wa Kanada kando ya ziwa, ambao dola mia nane ni wikendi moja ya kuvua samaki na marafiki. Kwa Kerttu ndizo zilizolipa pango la nyumba yake, na pango ndilo lililomweka alipo: ghorofa ya tatu, katika jengo la chama cha wazee, ng'ambo ya barabara kutoka makao ya wagonjwa alikolazwa mume wake.

Urho alikuwa amepigwa na kiharusi miaka miwili nyuma. Upande wa kulia ulikufa, maneno yakamtoka, akabaki na macho na ukaidi. Wahudumu wakimpelekea kijiko anafunga kinywa, na akishafunga hata patasi haifungui. "Mzee kafunga duka," walikuwa wakisema. Kwa Kerttu alikuwa anafungua. Kila adhuhuri Kerttu alivaa koti, akavuka barabara, akamlisha. Daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: asipokuja mke, watamwekea mrija, au watamwangalia akipungua. Kerttu alikuwa ameitikia kwa kichwa, maana hakuona jambo la kujadili. Atakuja. Kwani anakwenda wapi?

Sasa alisimama mbele ya mashine, na kwa mara ya kwanza swali hilo lilikuwa na jibu.

Asubuhi iliyofuata alipiga simu ofisi ya pensheni. Walimpigia muziki wa filimbi hadi kahawa yake ikapoa, halafu akatokea mwanamke mwenye sauti nzuri, sauti ya mtu aliyefundishwa kuwa na subira.

"Mama, naona hapa mwaka jana ulikuwa na kipato kikubwa."

"Mimi? Kipato? Binti, angalia vizuri, labda ni Salmela mwingine."

"Dola elfu thelathini na nne. Zilitoka kwenye mfuko wako wa akiba ya uzeeni, mwezi wa Oktoba."

"Aa, zile!" Kerttu alipumua. Kumbe ni jambo dogo, la kuelezana tu. "Zile si kipato. Ni pesa zangu mwenyewe, nilizihamisha. Nilizitoa mfuko huu nikazitia mfuko ule."

"Ndiyo, mama. Zilipotoka, zilihesabiwa kipato."

"Lakini zililipiwa kodi! Benki ilikata papo hapo, zaidi ya elfu kumi. Nina karatasi."

"Hiyo karatasi tunayo na sisi, mama. Kodi ulilipa. Kodi ni jambo moja, nyongeza ni jambo lingine."

"Na nilizitia kwenye akaunti isiyotozwa kodi. Sikuzidisha kikomo hata senti moja. Niliuliza mara tatu."

"Hongera, mama," alisema yule mwanamke, na alikuwa anamaanisha.

Hapo ndipo Kerttu alipovuta kiti, akakaa.

Yote yalianzia kwa Aune. Aune alikuwa rafiki yao, Kerttu na Lempi, wa kuoga mvuke saunani na wa kwaya, na alipofariki, akiba yake yote ya uzeeni ikahesabiwa kama kipato cha siku moja. Kodi ikameza theluthi. Wanawe watatu wakagombana juu ya kilichobaki, tena wakagombania ukumbini mwa kanisa, mbele ya mkate wa iliki wa matanga, watu wakitazama sahani zao. Kerttu alirudi nyumbani siku hiyo akiwa ameapa. Yeye hataacha fujo. Babu yake alikuja kutoka Finland na shoka na suti moja, akakata magogo maisha yake yote, na alipokufa hakuwa anadaiwa hata kiberiti. Katika ukoo huo mtu aliyedaiwa alitajwa kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefungwa jela. Kerttu aliamua kumalizana na kodi angali hai, ana kwa ana. Akatoa akiba yote kwa mkupuo. Benki walipomwambia watakata asilimia thelathini, alisema, "Kateni." Alitoka mle ndani anatembea kama mtu aliyeungama.

Kitu kimoja tu ndicho alichokiogopa: kikomo. Ile akaunti isiyotozwa kodi ina kikomo cha kuweka, na Toivo, kaka yake Lempi, aliwahi kukizidisha akapigwa faini mwezi baada ya mwezi hadi akagundua. Kwa hiyo Kerttu aliuliza benki, akapiga simu idara ya kodi, akauliza benki tena. Wakamwambia hajawahi kuitumia akaunti hiyo, kikomo chake ni kikubwa mara kadhaa kuliko pesa zake. Aliulinda mlango huo usiku na mchana, na hakuna mwizi aliyewahi kuutazama. Mwizi alipita kwingine, na hata mwizi hakuwa. Ilikuwa hesabu tu.

"Kuna fomu," alisema Kerttu kwenye simu. "Lempi, jirani yangu, amesikia kuna fomu ya mtu ambaye kipato chake kimeshuka."

"Ipo, mama. Ni ya mtu aliyestaafu kazi, au ambaye pensheni yake imekoma. Wewe ulizitoa kwa hiari."

"Kwa hiari," Kerttu alirudia.

"Lakini ukishawasilisha ritani ya kodi ya mwaka huu, Julai ijayo nyongeza itarudi yenyewe. Hutahitaji kufanya chochote."

"Julai ijayo. Na huu mwaka wa katikati?"

Kwa mbali zilisikika sauti nyingine nyingi zikisema 'mama' na 'bwana', zote na subira ileile.

"Kuna kingine ninachoweza kukusaidia leo, mama?"

Pesa zenyewe zilikuwepo, hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Hazikuibwa, hazikuchezewa kamari. Zilikuwa benki, kilomita moja kutoka kitandani kwake, kwa jina lake. Siku hiyohiyo alikwenda. Msichana wa dirishani, Tarah, alimkumbuka, akamwita ofisini, akafungua kompyuta na kuanza kuuma mdomo.

"Bi Salmela, ndani ya ile akaunti tuliziweka kwenye amana ya muda maalumu. Miaka mitano. Unakumbuka tulichagua ile yenye riba nzuri?"

"Nakumbuka. Nataka kuivunja."

"Hii haivunjwi. Ndiyo maana riba yake ni nzuri." Alimgeuzia kioo cha kompyuta, kana kwamba kioo kingemhurumia. "Nilikuuliza siku ile kama utazihitaji kabla ya miaka mitano."

"Nikasemaje?"

Tarah alisita. "Ulisema hujawahi kuhitaji."

Kerttu alijisikia akisema, kama jana vile, kidevu juu, mkoba magotini. Hakuna aliyemlazimisha. Mtu mwingine angesema ngoja nifikiri. Mtu mwingine angesema maisha hayajulikani, binti yangu, niwekee pale ninapoweza kufika. Lakini wanawake wa kwao hawakulelewa kusema 'huenda nikahitaji'. Ulisema hivyo ukiwa umelala chini na damu inakutoka, na hata hapo uliomba radhi kwanza.

"Hakuna njia kabisa?"

"Mteja akifariki, zinafunguliwa."

"Kwa hiyo nikifa kesho nazipata."

"Ndiyo... hapana! Yaani, familia yako..." Msichana aliiva uso kama nyanya.

"Usijali," alisema Kerttu. "Angalau njia ipo."

Tarah aliandika ombi kwa makao makuu hata hivyo, akaambatanisha barua ya daktari na hesabu za pango. Jibu lilikuja wiki iliyofuata. Makao makuu yalisikitika.

Bwana Gordon Pelletier, mwalimu mstaafu ambaye kila mwaka huwajazia wazee ritani bure kwenye chumba cha chini cha kanisa, alikutana na Kerttu nje ya duka la mikate. Yeye ndiye aliyemjazia mwezi wa Aprili. Alipomaliza siku ile alimshika mkono kwa furaha: kodi iliyokatwa ilikuwa imezidi, serikali itamrudishia zaidi ya dola elfu tatu. Kerttu alizipokea kama zawadi ya harusi, na zote zikaingia kwenye kiti cha Urho, kiti cha magurudumu chenye mgongo unaolala na mto wa kuzuia vidonda. Sasa kiti hakirudishwi. Kilikuwa kimepimwa kwa nyonga zake.

"Bi Kerttu, mimi hujaza kilicho kwenye karatasi," alisema Bwana Pelletier baada ya kusikiliza. Alivua miwani, akawa kama mtu aliyevuliwa nguo. "Watu arobaini kwa siku. Ningetazama mbele... Lakini hata ningekwambia Aprili, pesa zilishatoka Oktoba. Ingekuwa kujua tu."

"Kujua ningejua."

"Ndiyo. Ungejua."

Wakasimama. Mtu aliyetaka kuingia dukani aliwaomba radhi, wakampisha, mmoja huku mmoja kule.

Na pango likapanda. Chama cha wazee kilipanga pango kwa kipato, na kipato walikisoma kwenye makadirio ya kodi ya mwaka uliopita. Kwenye makadirio hayo Kerttu alikuwa tajiri. Meneja wa jengo, Bi Darlene Kusick, alimwita, akamfungia mlango, akamwekea hata maji.

"Mimi nakufahamu, Kerttu. Mimi najua huna. Lakini nina orodha ya wazee wanaongoja chumba, na bodi inasoma karatasi, haisomi sura. Kwa karatasi hii hustahili hata punguzo."

"Darlene, ukiondoa pango jipya nabakiwa na pesa ya mkate."

"Ya mkate bila siagi. Nimepiga hesabu hata mimi." Alisugua paji la uso. "Niliwaandikia mara mbili."

Jumamosi, saunani chini ya jengo, Lempi alimwaga maji kwenye mawe ya moto mpaka mvuke ukawafunika. Walikuwa wawili peke yao kwenye benchi la juu, miguu imening'inia, majasho yanawatiririka.

"Hamia kwangu," alisema Lempi.

"Una chumba kimoja."

"Nina sofa. Unakoroma, najua, ukuta wetu mwembamba. Nimeshazoea bure, sasa nitazoea kwa faida."

Kerttu alicheka, akashangaa kwamba bado anaweza. "Darlene anaruhusu wageni wiki mbili tu."

"Basi kila wiki mbili unatoka, unazunguka jengo, unaingia kama mgeni mpya. Tunakuvisha na kofia."

"Watakutoa na wewe."

Lempi alishika kijungu, akamwaga maji mengine, na mawe yakafoka. Alikuwa na miaka themanini na moja, na yeye pia alikuwa akiishi kwa nyongeza.

Kerttu alitafuta vyumba. Alikwenda kuona viwili. Kimoja kilikuwa chini ya ardhi, ngazi zake wima kama za ghala, na nyonga yake ilikataa katikati. Cha pili kilikuwa upande wa chuo. Vijana wanne, jiko moja, muziki unatikisa vikombe. Mwenye nyumba alimtazama juu hadi chini, bila ubaya wowote. "Hapa ni pa watoto, mama. Hutalala." Kisha akataja bei, na malipo ya miezi miwili kabla ya kuingia, na Kerttu akamshukuru.

Raija, binti yake wa pekee, alipiga simu kutoka Red Deer, siku mbili kwa gari upande wa magharibi. Mume wake alikuwa ameachishwa kazi tangu masika, mkopo wa nyumba umewakaba.

"Mama, pesa sina. Ningekuwa nazo ungeziona kabla hujaomba."

"Sijaomba."

"Najua hujaomba! Ungeomba kipindi kile, ungepiga simu moja tu, 'Raija, nataka kutoa pesa, wewe unaonaje', sasa hivi tusingekuwa hapa."

"Ungejua la kunijibu?"

"Hapana," alisema Raija. Sauti ilikuwa imelainika. "Nisingejua. Chumba cha chini kipo, Mama. Nimekipaka rangi. Njoo mwaka mmoja tu, hadi Julai."

"Na baba yako?"

"Baba ana watu wa kumtunza."

"Ana watu wa kumtunza," alisema Kerttu. "Hana watu wa kumlisha."

Lakini alipokata simu alijua kwamba ameshakubali, maana alijikuta anaangalia kabati na kufikiria ni kipi kitaingia kwenye sanduku. Nyumba ikishaachwa, ataingia mwisho wa ile orodha ya Darlene kama mtu yeyote. Watu walikuwa wakingoja humo miaka. Julai ijayo nyongeza itarudi, yenyewe, bila yeye kufanya chochote, na itamkuta Red Deer.

Akatoa notisi ya kuhama. Kilichobaki kilikuwa mwezi mmoja, na kazi moja.

Mhudumu aliyemchagua amlishe Urho baada yake aliitwa Rowena, mwanamke mfupi kutoka Ufilipino, mchapakazi, anayeimba akisukuma vigari. Kerttu alimkalisha kando ya kile kiti kipya.

"Kijiko kitokee kushoto. Kulia hakuoni. Gusa mdomo wa chini, usisukume. Usimwambie 'fungua'. Ukimwambia fungua, umekwisha."

"Nimwambie nini basi?"

"Chochote kisichohusu chakula. Mimi humpa habari za ziwa."

"Mama Kerttu, mimi ziwa nalionea kwenye basi."

"Basi mdanganye."

Siku ya kwanza Urho alimtazama Rowena, akamtazama mkewe, akafunga duka. Siku ya pili vilevile, supu ya samaki ikamtiririka kidevuni hadi Kerttu akashindwa kuvumilia, akanyang'anya kijiko, na mzee akala yote kwa mkewe kama ndege wa kiotani. "Sasa hapo unaniharibia," alisema Rowena. Ilikuwa kweli. Wiki nzima ikaenda hivyo. Kerttu alikuwa akirudi nyumbani na aibu asiyoweza kuitaja, kwa sababu kila mume wake alipokataa kijiko cha Rowena, kitu fulani ndani yake kilisimama na kupiga makofi. Kisha usingizi ulimruka, akimwona na mrija puani, na yeye yuko mbali chini ya nyumba ya binti yake, anaangalia rangi mpya ukutani.

Wiki ya mwisho Rowena alimtoa chumbani. "Akikuona ananifanyia makusudi. Kaa mlangoni, usikohoe."

Kerttu alikaa nje ya mlango, ubavuni mwa fremu, pale ambapo jicho la kushoto la Urho halikufika. Chakula kilikuwa viazi vilivyopondwa na samaki. Rowena alivuta kiti, akajaza kijiko, akagusa mdomo wa chini. Duka limefungwa. Hakuhangaika. Akaanza kusema, kwa sauti ya kusengenya, kuhusu shemeji yake wa Winnipeg aliyenunua boti bila kumwambia mke, akaificha kwa jirani, na jirani akaiuza.

"Kaiuza, mzee! Boti ya watu! Na ile pesa akanunua nini? Bata mzinga. Bata mzinga wazima wazima, wako uani, wanalia usiku kucha. Sasa dada yangu anauliza, hawa bata mzinga ni wa nani? Na shemeji hawezi kusema, maana akisema, atasema na boti."

Kitu kilitikisika usoni kwa Urho, ule upande uliokuwa hai. Kijiko kikagusa mdomo. Kinywa kikafunguka.

Kerttu hakukohoa. Alitazama kijiko kikiingia na kutoka kikiwa safi, akatazama koo la mume wake likimeza. Kikafuata cha pili. Rowena aliendelea na bata mzinga wake, mkono ukienda na kurudi kutokea kushoto, kama alivyofundishwa, bila kusukuma. Kerttu akagundua kwamba na yeye amefungua kinywa, pale mlangoni, kama afanyavyo mtu anayelisha mtoto. Akakifunga.

Bakuli lilipokwisha Rowena alitoka mbio, kalishika juu kama kombe.

"Mama Kerttu! Umeona? Amemaliza! Amemaliza lote!"

"Nimeona."

"Hufurahi?"

"Nafurahi," alisema Kerttu, na akatafuta mahali pa kuweka mikono yake.